Mbwa Aliyekwenda Pamoja Nao

Katika Kitabu cha Tobiti kuna mbwa. Wengi wetu tumekisikia kitabu hicho kikisomwa kwenye misa za ndoa, kwa ajili ya ile sala ya Tobia na Sara, lakini mbwa hatumkumbuki. Hana jina. Anatajwa mara mbili tu: sura ya 6, kijana anapotoka nyumbani, na sura ya 11, anaporudi. Hata masomo yetu ya misa yamempita. Ijumaa ya juma la 9 la kipindi cha kawaida, mwaka wa kwanza, tunasoma habari za kurudi kwa Tobia kuanzia mstari wa 5, na mbwa yuko mstari wa 4. Juma hili nawaomba, ndugu zangu, turudi nyuma mstari mmoja.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Tobiti ni Mwisraeli aliyechukuliwa uhamishoni Ninawi, mtu wa sadaka, anayelisha wenye njaa na kuzika maiti zilizotupwa nje ya ukuta hata kwa hatari ya maisha yake. Usiku mmoja analala nje uani kwa sababu ya joto, vinyesi vya ndege vinamwangukia machoni, na macho yanapofuka. Nyumba inaingia katika dhiki. Mkewe Ana anafuma nguo za watu ili wapate kula. Ndipo mzee anakumbuka talanta kumi za fedha alizomwachia Gabaeli kule Rage, nchi ya Media, na anamtuma mwanawe wa pekee akazidai. Kijana hajui njia. Anapata mwenzi wa safari anayejiita Azaria, na hakuna anayejua kwamba huyo ni malaika Rafaeli. Mama analia mlangoni, anamlaumu mumewe kwa kumtuma mtoto mbali kwa ajili ya pesa. Na hapo, katikati ya machozi hayo, mwandishi anaongeza maneno machache kwamba mbwa naye alitoka akaenda pamoja nao.

Baada ya hapo mbwa hafanyi lolote. Samaki anaruka kutoka mto Tigri, na anayejua la kufanya na nyongo, moyo na ini lake ni malaika. Pepo aliyewaua waume saba wa Sara anafukuzwa, na mbwa hayumo. Fedha inafuatwa Rage, na anayeifuata ni malaika. Mbwa habweki, hang'ati, hamwokoi mtu. Harusi inaliwa siku 14, na hatuambiwi kama alitupiwa hata mfupa. Tunakuja kumwona tena wakati wa kurudi tu, yuko nyuma yao, anafuata. Mtakatifu Yeronimo, alipokitia kitabu hiki katika Kilatini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alimleta mbele: kwake mbwa anatangulia mbio kama mjumbe anayeleta habari njema, akitikisa mkia kwa furaha. Nampenda Yeronimo kwa jambo hili. Lakini nadhani yule wa nyuma ndiye anayetufaa zaidi. Kijana amepewa wenzi wawili wa njia. Mmoja ametoka mbinguni na anajua kila kitu: njia, dawa, mchumba, mwisho wa safari. Mwingine ametoka uani na hajui chochote isipokuwa kwamba kijana wake anaondoka. Na Maandiko hayakuona aibu kuwaandika wote wawili katika msafara mmoja.

Nasema hayakuona aibu kwa sababu sehemu nyingine za Biblia hazimsemi mbwa vizuri. Goliathi anauliza kama yeye ni mbwa hata Daudi amwendee kwa fimbo. Mithali inamkumbuka kwa kurudia matapishi yake. Maiti ya Yezebeli inaliwa na mbwa. Paulo anapowaonya Wafilipi dhidi ya watenda mabaya, anawaita kwa jina hilo hilo. Mbwa wa miji ile walikuwa makundi yasiyo na mwenyewe, yakila mizoga na takataka, na watu waliwaogopa kwa haki. Sisi wenyewe hatuko mbali na hapo. Ukitaka kumwumiza mtu barabarani, unamwita mbwa, na ngumi zinafuata.

Ndugu zetu Waislamu, tunaoishi nao mlango kwa mlango, wana sheria zao za usafi: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini wao hao wanaisoma katika Kurani habari ya vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao wakalala miaka mingi, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele mlangoni. Wanayo pia hadithi ya mtu aliyemwona mbwa akila udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Sheikh mmoja jirani ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kusubiri basi, na tangu siku ile siwezi kuwasikiliza wanaosema kwamba huruma kwa mbwa ni mambo ya Wazungu.

Maana hilo ndilo ninaloambiwa kila ninapogusa jambo hili. Mbwa kwetu ni mlinzi, Padre, si mtoto. Ni kweli, na hakuna ubaya. Anafungwa mnyororo asubuhi, anafunguliwa usiku, anapewa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na kazi yake ni kubweka mwizi asiingie. Kule kwa wafugaji anawatangulia ng'ombe na kulala nje ya zizi, na fisi akikaribia ndiye wa kwanza kusimama. Ni ajira ya haki. Lakini kila aliyewahi kukaa na mbwa anajua kwamba mbwa anatoa zaidi ya kile alichoajiriwa. Hakuna aliyemwambia amsindikize mtoto hadi shuleni halafu arudi peke yake. Hakuna aliyempa kazi ya kuujua mlio wa pikipiki ya baba kabla haijakata kona, wala ya kukaa kimya karibu na mtu anayelia. Ulinzi tunamlipa kwa ugali. Hayo mengine anayatoa bure.

Kuna nyumba moja katika parokia ambako nimekuwa nikipeleka Komunyo kwa mama mzee aliyepatwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno yanamtoka kwa shida. Ukibisha hodi, mbwa wake anainuka. Ni mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, jina lake Simba kama nusu ya mbwa wa kijiji kile. Ananusa viatu, ananusa mkoba wenye sakramenti, kisha anarudi mahali pake, kwenye mkeka chini ya kitanda, kidevu kimeegemea kandambili ya mama. Nikisema "Tumsifu Yesu Kristo", mama anatafuta neno la kuitikia, linachelewa, midomo inahangaika. Sisi wengine, mimi na katekista na wanajumuiya, huwa tunamwitikia upesi ili kumpunguzia aibu. Siku moja niliangalia mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi. Ulikuwa unaning'inia pembeni mwa kitanda, na Simba alikuwa ameingiza kichwa chake chini ya kiganja. Vidole vilikuwa vinasogea taratibu nyuma ya sikio lile lililochanika. Mama akikohoa, masikio ya mbwa yanasimama. Akitulia, yanalala.

Mkwe wake aliniambia, "Baba, huyu haondoki hapa ila akienda kujisaidia. Hata chakula tunamletea humu."

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya namna tunavyowatembelea wagonjwa. Tunakuja kumi, tunasali vizuri, tunaimba, tunaacha sukari na sabuni, na baada ya dakika kumi maneno yanatuishia. Mmoja anatazama simu, mwingine anakumbuka kikao, na kimya kikizidi tunaona tumemaliza kazi. Ukweli ni kwamba kimya kinatutisha kwa sababu tumezoea kupima msaada wetu kwa yale tunayosema na tunayoacha mezani. Mbwa hana la kusema wala la kuacha. Amebakiwa na kitu kimoja, kukaa, na kwa mama yule asiyeweza kujibu, kitu hicho kimoja kimekuwa karibu sawa na kuongea. Naamini Mungu ndiye aliyemweka pale. Nalisema hilo kwa uzito wote nilio nao kama mchungaji wa roho za watu.

Uhusiano huu ni wa zamani kuliko kitabu chochote. Mwaka 1914, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wafanyakazi wa machimbo ya mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka ipatayo 14,000 iliyopita, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Mtoto wa mbwa, wa miezi saba hivi. Utafiti wa meno yake uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba aliugua vibaya kwa majuma kadhaa, yaelekea ugonjwa wa distempa unaoua mbwa wetu hata leo, na kwamba asingefika umri ule bila mtu kumpa maji, kumpa joto na kumsafisha. Tafakarini hilo. Watu waliishi kwa kuwinda, hawakuwa na shamba wala ghala, na walikuwa wakimuuguza mnyama ambaye wakati huo hakuweza kuwinda wala kulinda. Hawakuwa wakimfuga kwa faida. Kisha wakamzika na watu wao.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Azabu nchini Japani nao walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwapima watu na mbwa wao waliotazamana machoni kwa muda. Homoni ya oksitosini, ile inayopanda kwa mama anapomtazama mwanawe, ilipanda kwa mwenye mbwa na kwa mbwa pia. Kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu toka wadogo, jambo hilo halikuonekana. Wako watakaosema, basi ni homoni tu, si upendo. Lakini mama anayenyonyesha naye ana homoni hiyo hiyo, na hakuna mwenye akili timamu anayemwambia kwamba hampendi mtoto wake. Mungu anapoumba upendo ndani ya mwili, anauumba kwa udongo wa mwili.

Sasa tufike kwa Lazaro, maana huko ndiko nilikotaka kuwapeleka. Luka sura ya 16, injili ya Jumapili ya 26 ya mwaka C. Tajiri amevaa zambarau na kitani safi, anakula karamu kila siku. Mlangoni pake amelazwa maskini mwenye vidonda, anatamani hata makombo ya mezani. Na Yesu, ambaye husimulia mifano yake kwa maneno machache sana, anaweka ndani yake mbwa: walikuwa wakija kumlamba vidonda vyake. Wafafanuzi wengi wanasema hiyo ni kuongeza unyonge, kwamba maskini amefika chini kiasi kwamba hata wanyama najisi wanamgusa. Huenda. Mimi nikiusoma mfano huo siwezi kuacha kuona kwamba katika habari nzima, mpaka malaika wanapokuja kumchukua Lazaro kifuani pa Ibrahimu, hakuna kiumbe kingine kilichomgusa. Tajiri hakumfukuza, tumtendee haki. Hakumtukana. Alimpita tu, akitoka na akiingia, siku zote. Mbwa ndio waliosimama.

(Wala mtu asichukue hapa ruhusa ya kumwacha mbwa amlambe kidonda. Nitalirudia hilo mbele, kwa sababu ni suala la uhai.)

Vijana wa Don Bosco, mliojifunza ufundi Dodoma, Iringa na kwingineko, nanyi mna mbwa wenu, ingawa sijui kama walezi wenu waliwasimulia. Wasalesiani wako Afrika Mashariki tangu 1980, na mwanzilishi wao, Mtakatifu Yohane Bosco, aliandika mwenyewe habari za mbwa mkubwa wa kijivu aliyekuwa akimtokea katika mji wa Torino miaka ya 1850. Alimwita Grigio, yaani wa Kijivu. Wakati ule kazi yake na maandishi yake vilikuwa vimempatia maadui, na njia ya kurudi Valdocco, alikowakusanya wavulana wasio na kwao, ilipita mahali pa upweke, giza na vichaka. Jioni moja akitembea peke yake mbwa yule alitokea. Alishtuka kwanza, maana alikuwa mkubwa kama mbwa mwitu, lakini mbwa akajisogeza kwa upole, akamsindikiza hadi mlangoni, akaondoka. Ikawa hivyo jioni nyingi. Usiku mmoja watu wawili walimrukia, wakamfunika kichwa kwa joho na kujaribu kumziba mdomo. Grigio alitokea akinguruma, akawaangukia, na washambuliaji ndio waliobaki wakimsihi padre amwite mbwa wake.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi ni lile la usiku ambao mbwa alikataa. Don Bosco alitaka kutoka kwa shughuli fulani. Mama yake, Mama Margherita, alimsihi asitoke kwa kuwa ni usiku, na mwana, kama wana wengi watu wazima, akaona mama anazidisha. Alipofika mlangoni, Grigio alikuwa amelala kwenye njia. Akijaribu kupita kulia, mbwa ananguruma. Akijaribu kushoto, ananguruma. Mama akamwambia kwamba kama hataki kumsikiliza yeye, basi amsikilize mbwa, maana amekuwa na busara kumzidi. Akarudi ndani. Haukupita muda jirani akaja mbio kumwonya kwamba kuna watu wanamvizia nje. Na mbwa huyu, kila alipopewa chakula, hakula. Don Bosco hakudai kwamba alikuwa malaika, wala hakukubali kusema kwamba alikuwa mbwa wa kawaida. Alimshukuru Mungu kwa ajili yake, basi. Na sisi hatuhitaji kujua zaidi. Mtu wa Mungu aliyekuwa baba wa mamia ya watoto wasio na baba, naye alihitaji wa kumsindikiza usiku, na alipewa.

Watu hupenda kusema kwamba mbwa anapenda bila masharti. Ni kweli, na ni kweli ya ajabu. Hatazami cheo. Ukifukuzwa kazi leo, jioni anakupokea kama juzi ulipopandishwa. Ukiwa mgonjwa wa ugonjwa ambao ndugu wameanza kukutengea kikombe, yeye hana kikombe cha kutenga. Namjua mzee ambaye pombe ilimtenga na watoto wake, na usiku, akitoka kilabuni akipepesuka, ni mbwa wake aliyekuwa akitembea mbele hatua chache, anasimama, anageuka kumtazama, anasubiri, anaendelea. Mke alikuwa amechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Kijiji kilikuwa kimechoka. Mbwa hakuchoka. Mzee huyo alipokuja kuacha pombe aliniambia kwamba kilichomgeuza hakikuwa mahubiri yangu wala kikao cha ukoo. Ilikuwa ile aibu ya kupendwa na mtu asiyedai kitu. Alisema "mtu", na sikumsahihisha.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uangalifu, kwa kuwa mapadre na wachungaji wengi, kwa nia njema, wanaruka moja kwa moja kutoka kwa mbwa hadi kwa Mungu, kana kwamba upendo wao ni mmoja. Si mmoja. Mbwa anakupenda na hajui. Hajui ulichomfanyia ndugu yako katika lile shauri la shamba, hajui barua uliyoificha, hajui mtoto uliyemkana. Hata jambazi ana mbwa anayempenda. Ndiyo sababu kukaa na mbwa kunapumzisha hivyo: mbele yake huna kesi. Bwana wetu alisema kwamba Baba wa mbinguni huwaangazia jua lake waovu na wema, na mbwa wako katika hilo anamfuata Mungu kwa kadiri ya mwili wake. Lakini jua nalo halijui linamwangazia nani. Baba anajua. Anaijua ile barua. Anamjua yule mtoto kwa jina. Na bado anakuja mlangoni.

Kwa mbwa tunaonja utamu wa kupendwa kabla ya kuhukumiwa. Wokovu ni zaidi ya hapo, ni kupendwa na yule ambaye ameona yote. Nawasihi mliojeruhiwa na watu kiasi kwamba mmebaki na mbwa tu wa kumwamini, na ninyi mpo, nimewasikia katika kitubio na nje ya kitubio: msidharau faraja hiyo, ni ya Mungu. Ila msiifanye kuwa ukuta. Mbwa wa Tobia hakumzuia Tobia nyumbani. Alikwenda naye mpaka kwenye nyumba ya Ragueli, baba yake Sara, mpaka kwenye harusi, mpaka kwa watu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inasema mambo mawili pamoja, na yote mawili tunayahitaji. Wanyama ni viumbe vya Mungu, na tunawawia wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Inafaa kuwapenda. Lakini upendo unaostahili watu usielekezwe kwao, wala fedha ambayo kwanza ingepunguza taabu za watu isimalizikie kwao. Onyo hilo la pili wanalihitaji sana wenye nacho, hapa na ng'ambo. Katika vijiji vyetu hatari iko upande wa kwanza. Nimeona mbwa amefungwa juani mchana kutwa bila bakuli la maji, mnyororo umekata ngozi ya shingo mpaka nyama inaonekana, na mwenye nyumba ni mzee wa kanisa. Nimeona watoto wakimpiga mawe mbwa mwenye mimba huku watu wazima wakicheka. Mithali 12 inasema mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Uhai wote: maji, kivuli, mnyororo mrefu wa kutosha kujilaza, na chakula hata siku ambayo hakuna makombo.

Na chanjo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto wa Afrika na Asia. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Virusi viko katika mate, ndiyo maana nilisema msiruhusu mbwa alambe kidonda. Mtoto akiumwa na mbwa au kukwaruzwa, mwosheni jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kuona kama mbwa atakufa, na msipoteze muda kwa mganga. Sindano zote alizoandikiwa zimalizwe, hata kama zahanati ya kwanza haina dawa na inabidi kupanda basi kwenda wilayani. Kinga yenyewe iko kwa mbwa: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, iko karibu na 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Nimewaomba wenyeviti wa jumuiya waongee na bwana mifugo wa kata ili juma hilo mbwa waletwe uwanja wa parokia. Wachanjwe, kisha nitawabariki. Nitawabariki kwa mpangilio huo, chanjo kwanza.

Limebaki swali moja, na linaulizwa na watoto kuliko watu wazima. Mvulana wa darasa la nne alinifuata baada ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza, macho mekundu. Mbwa wake Popi alikuwa amegongwa na lori alfajiri ile. Akataka kujua kama atafufuka. Sikumwambia ndiyo, kwa sababu Kanisa halijatamka hivyo, na mtoto anayejiandaa kumpokea Bwana anastahili kuambiwa ukweli. Sikumwambia hapana pia. Nilimweleza kwamba Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Warumi, anasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru, si sisi peke yetu. Nikamweleza kwamba Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 243, aliandika juu ya uzima wa milele ambamo kila kiumbe, kikiwa kimegeuzwa na kung'aa, kitakuwa na nafasi yake. Namna gani, hatukuambiwa. Mungu aliyempa Popi hakukosea kumpa, na hapotezi alichokipenda kwa kusahau.

Akanyamaza kidogo, akauliza lililokuwa likimsumbua zaidi. Nyumbani wamesema mbwa hazikwi, anatupwa korongoni. Nilikwenda naye. Baba yake ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na alinisikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi. Sikuhubiri. Nilimwambia tu kwamba mtoto anaomba kumshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa wake, na kwamba mnyama aliyelinda nyumba hiyo tangu ukuta wake ukiwa msingi anastahili kuwekwa ardhini. Akachimba mwenyewe, nyuma ya migomba, akashuka mpaka kiunoni ili fisi wasimfukue, na mtoto akarudishia udongo.